Wadau wa Arusha na Moshi: mteja anachelewesha malipo ya kazi uliyokwisha kumkabidhi, unambana vipi?

#1 DizainaWaSakina
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mbunifu wa kujitegemea. Natengeneza tovuti, nembo na vipeperushi, na wateja wangu wengi ni kampuni za utalii na loji. Kabla ya masika nilimkabidhi tovuti mteja mmoja mwenye loji upande wa Karatu. Tovuti kamili, lugha mbili, picha nimepiga mwenyewe. Makubaliano yalikuwa nusu mwanzo, nusu siku ya kukabidhi. Nusu ya kwanza ilikuja siku ileile tuliyoongea. Nusu ya pili mpaka leo ni hadithi: bosi yuko Ulaya kwenye maonyesho, mhasibu yuko likizo, halafu "unajua mvua hizi hakuna wageni, vuta subira mpaka Juni". Juni imefika. Magari yao nayaona yanapita Kisongo yamejaa wageni, simu haipokelewi, na ujumbe wangu una tiki za bluu.

Tovuti bado iko kwenye seva yangu. Niizime?

Swali la pili ndilo linaloniuma zaidi. Mtu huyuhuyu analipa mafuta, analipa geti, analipa fundi wa gari. Kwa nini sisi tunakuwa wa mwisho?

#2 KijanaNgarenaro
Zima usiku huu huu. Asubuhi atakupigia mwenyewe na atakuita kaka.

#3 WakiliMtaani
Mleta mada, usifuate #2 kabla hujajibu mambo mawili. Hostingi, yaani huduma ya kuiweka tovuti mtandaoni, analipia nani, na mkataba unasemaje?

Kama hostingi ni ya mteja na wewe umebaki na neno la siri tu, ukiingia na kufuta au kufunga unajitafutia kesi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Deni halikupi ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa mtu. Kama seva ni yako na unamhudumia kwa makubaliano, hapo una nafasi, ila mpe notisi ya maandishi yenye tarehe kwanza. Vinginevyo atakuja kudai kwamba umempotezea oda za msimu mzima, na deni lako la nusu litamezwa na madai yake.

#4 KameraYaRau
Niko Moshi, napiga picha za harusi na matukio. Pole sana kaka, hili ni letu sote.

Kwangu mteja mgumu kuliko wote ni kamati ya harusi. Siku ya kikao cha kwanza kila mtu ni tajiri, ahadi zinasomwa kwa sauti na mhazini anaandika. Mimi bei yangu inawekwa kwenye bajeti ya ahadi. Harusi ikipita, waliolipa ahadi wamelipa, waliobaki hawaonekani tena, na kamati imevunjwa. Nikimpigia mwenyekiti ananiambia nimwone mhazini, mhazini ananiambia niongee na maharusi, maharusi wanasema hiyo ilikuwa kazi ya kamati. Sasa namdai nani? Kila mmoja wao anasema kweli kwa upande wake, na mimi albamu nimeshaichapisha kwa hela yangu.

#5 MhasibuNjiro
Nimekaa kwenye kiti cha huyo mhasibu anayesemwa, tena kwenye kampuni za utalii hapahapa mjini. Niwaeleze foleni ya malipo inavyopangwa, halafu mseme wenyewe.

Cha kwanza ni kile kinachozuia gari kuondoka kesho. Ada za hifadhi unatoa namba ya malipo kwenye mfumo wa serikali na unalipa kabla. Hakuna mkopo pale Loduare, geti la Ngorongoro, hakuna "tutaonana mwisho wa mwezi". Halafu mafuta, halafu loji ambazo hazipokei mgeni bila malipo, halafu mishahara na makato yake, maana PAYE, kodi ya mishahara, inatakiwa ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Baada ya hapo kinachobaki kwenye akaunti ndicho tunachogawana sisi wote tuliobaki: gereji, duka la vifaa, mbunifu, mpiga picha. Gereji ana gari letu uani kwake, kwa hiyo naye anatangulia. Mbunifu asipolipwa, kesho asubuhi hakuna kitu kinachosimama. Hiyo ndiyo sababu ya swali lako la pili, na sijaipamba.

La pili ni ankara zenyewe. Naletewa picha ya karatasi kwa WhatsApp, haina TIN, haina namba ya akaunti, jina la kampuni siyo lile lililosajiliwa BRELA kwa msajili wa kampuni, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakuna. Bila risiti, TRA hawanikubalii hiyo gharama kwenye hesabu za mwaka. Naiweka pembeni nikisema nitamwambia arekebishe. Ijumaa bosi anakuja na dakika zake chache, anauliza zipi ziko tayari kusainiwa, namkabidhi zilizo tayari. Yako haimo. Ijumaa ijayo bosi yuko porini na wageni.

La tatu, aliyekuagiza mara nyingi siyo anayelipa. Meneja masoko amekubaliana na wewe kwenye kahawa, mkurugenzi anaiona bei kwa mara ya kwanza kwenye ankara. Hapo yanaanza majadiliano ambayo wewe huyajui, na kwako yanaonekana kama dharau tupu.

Na ukilipwa, usishangae hela kupungua. Ankara ya sh 1,200,000 ya huduma inakatwa kodi ya zuio asilimia 5, unapokea 1,140,000 na 60,000 inakwenda TRA kwa jina lako. Dai cheti cha hiyo kodi. Ni hela yako, inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

#6 KijanaNgarenaro
Mhasibu kaongea. Ila mkuu, umetuambia tu kwamba asiye na kitu cha kushikilia analipwa mwisho. Kwa hiyo nilikuwa sahihi pale #2. Ashikilie.

#7 DizainaWaSakina
Asante #3 na #5. Nijibu: seva ni yangu, hostingi ya mwaka wa kwanza iko ndani ya bei. Mkataba ni mazungumzo ya WhatsApp, lakini kila kitu kimo, bei, tarehe, na yeye kaandika "sawa tuanze". Ankara ina TIN na akaunti. Na aliyeniagiza ni mwenye loji mwenyewe, hakuna meneja katikati. Kwa hiyo maelezo ya pili na ya tatu ya mhasibu kwangu hayakai. Labda la kwanza.

#8 MamaUsaRiver
Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Nina kampuni ndogo ya safari, magari machache. Nisemee upande wa pili maana naona tunapigwa bila kuulizwa.

Aprili na Mei kwangu hakuna kinachoingia. Kambi nyingine zinafungwa kabisa, barabara za ndani hazipitiki. Mishahara iko palepale, bima ya magari iko palepale, leseni iko palepale. Juni wageni wakianza, hela ya kwanza inaziba mashimo ya Mei. Mtu wa nje anaona gari limejaa wazungu anadhani nimejaa hela.

Halafu wabunifu nao wametuumiza. Nililipa kijana fedha yote mwanzo, akanitengenezea ukurasa wa mbele tu kisha akahamia Dar. Jina la tovuti alikuwa amelisajili kwa jina lake yeye. Nikitaka kubadilisha hata namba ya simu nilikuwa nambembeleza. Tangu hapo nusu ya mwisho naishikilia mpaka nione kila kitu kimekabidhiwa kwa jina la kampuni. Ndiyo dhamana pekee niliyonayo.

#9 MwongozaMianzini
Mama heshima yako, ila hapo kwenye hela naomba kupinga. Mimi ni mwongoza watalii wa kujitegemea, naitwa msimu ukichanganya. Wageni wengi hawalipi wakishafika. Wanaweka amana wakati wa kubuku na wanamalizia kabla hawajatua KIA. Mgeni wa Agosti, hela yake Juni iko benki. Na bado sisi waongozaji tunadai posho za safari zilizokwisha. Mtu anakuambia chukua bakshishi ya wageni kwanza, yetu tutaongea. Bakshishi ni ya mgeni kwangu, haimhusu bosi!

#10 MhasibuNjiro
#9 ni kweli hela inaingia kabla, kwa wageni wanaokuja moja kwa moja. Wanaopitia wakala wa nje ni habari nyingine, kuna mawakala wanalipa baada ya safari kwisha. Na ile ya Agosti iliyoko benki Juni siyo ya matumizi, ni ya kulipia hifadhi na loji za Agosti. Kampuni zinazoila mapema kuziba Mei ndizo zinazoishi kwa kukimbizana na madeni mwaka mzima. Zipo, tena nyingi kuliko zinavyoonekana kwa nje.

#11 FundiMajengo
Mimi fundi seremala, Majengo Moshi. Kitanda hakitoki karakana mpaka hela iwe kamili. Ndugu, rafiki, mchungaji, wote sawa. Ninyi wa kompyuta kazi yenu inatoka kwa kubonyeza, ndiyo shida.

#12 KameraYaRau
Fundi umesema kweli na ndivyo nilivyobadilisha. Sasa natoa picha ndogo zenye jina langu katikati, wachague. Kubwa safi zinatoka muamala ukishasoma kwenye simu. Bibi harusi atalia, mama mkwe atapiga simu, lakini hela inapatikana kwa sababu sasa wanaotaka picha ndio wanaomtafuta mhazini, badala yangu. Kwa kamati, sisaini tena na kamati. Mtu mmoja mwenye jina na namba ya NIDA anaandika kwamba yeye ndiye mlipaji.

Walioniudhi zaidi mwaka huu siyo harusi hata hivyo. Ni wale wa fulana na picha wakati wa Kilimanjaro Marathon. Wiki ile Moshi nzima ina haraka, kila mtu anataka kesho, hakuna anayesaini karatasi. Mbio zikiisha kila mtu karudi kwao.

#13 BarafuYaKibo
Wachangiaji mnazunguka. Sababu ni udugu. Hapa kwetu kumdai mtu ni kama kumtukana, na mdaiwa analijua hilo. Unaanza na habari za watoto, unauliza mama anaendeleaje, unamaliza salamu zote ndipo unagusia "ile kitu yetu". Anakujibu "usijali mdogo wangu", na ukiongeza neno wewe ndiye huna adabu. Mteja mgeni kutoka nje anaandikiwa kavu kwamba ankara imepita siku na hakuna anayekasirika.

#14 FundiMajengo
Barafu, Mangi hadai kwa aibu. Uliza mtu yeyote Kiboriloni.

#15 Mkalimani_Sekei
#13 sikubaliani kwamba wa nje wana nidhamu kwa asili. Nafanya tafsiri, nusu ya wateja wangu wako nje. Wanaolipa kwa wakati wengi wana sheria nyuma yao. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1998 ya riba kwa madeni ya biashara yaliyochelewa: asilimia 8 juu ya riba ya benki kuu yao. Jiji la New York tangu 2017 wana sheria ya wafanyakazi huru. Kazi ya dola 800 na kuendelea lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba hautaji tarehe, malipo ni ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Asiyelipa anaweza kuamriwa kulipa mara mbili. Jimbo zima likafuata 2024. Kama udugu ndio tatizo na wao wasingehitaji sheria hizo.

Ila na wa nje wanakwama. Shirika moja la Moshi nililolifanyia vijitabu vya afya lilikuwa linalipa vizuri miaka yote. Januari 2025 Marekani iliposimamisha fedha za USAID, lilisimama palepale. Waliniita, wakanionyesha barua, wakaniambia wazi kwamba hawajui. Hela yangu ilichelewa sana na sikuwahi kuwachukia. Nilijua nipangeje mambo yangu. Kinachoua ni ukimya, huyu wa mleta mada mwenye tiki za bluu.

#16 KijanaNgarenaro
Basi dawa ni kutoza kwa dola. Akichelewa na shilingi ikishuka, hasara siyo yako.

#17 MhasibuNjiro
Hapana. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Wewe uko Ngarenaro, mteja yuko Karatu, andika shilingi. Ankara ya dola ndiyo utakuwa umempa sababu nyingine ya kuirudisha.

#18 MamaUsaRiver
Afadhali umesema, maana kuna mtu wa kuchapisha vipeperushi bado ananiletea za dola.

Na wewe Mkalimani nakuunga mkono. Mimi nikichelewa napiga simu mwenyewe, nasema tarehe. Siyo wote tunajificha.

#19 WakiliMtaani
Narudi kwa mleta mada. Mazungumzo ya WhatsApp ni mkataba kama yana makubaliano ya hiari na bei. Sheria yetu ya mikataba haidai karatasi kwa kazi kama yako, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe kuwa ushahidi, mradi uweze kuonyesha unatoka wapi na haujachezewa. Kwa hiyo usibadilishe simu na kupoteza mazungumzo. Yahifadhi yote, na mteja asije akafuta upande wake ukabaki na picha za skrini tu.

Hatua: barua ya madai yenye kiasi, tarehe ya kukabidhi, na siku 14 za kulipa. Ichapishe, ipeleke ofisini kwake, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na aliyepokea asaini. Siku zikipita, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi sh milioni 30, Kiswahili mwanzo mwisho, na unaweza kusimama mwenyewe. Una miaka 6 tangu deni liive, ila usisubiri.

#20 BarafuYaKibo
Mahakama ya mwanzo mawakili hawaruhusiwi, wakili. Utamsaidiaje?

#21 WakiliMtaani
Ilikuwa hivyo zamani. Sheria ilibadilishwa 2021, wakili anaruhusiwa pale anapokaa hakimu mkazi. Lakini nimesema anaweza kusimama mwenyewe, sijamtafutia mteja.

Niseme pia ukweli mwingine: kushinda na kulipwa ni vitu viwili. Ukishapata hukumu bado kuna kukaza hukumu, yaani kumlazimisha alipe, na hapo ndipo watu wengi huchoka. Kwa deni dogo, muhuri kwenye ile barua mara nyingi unafanya kazi kuliko kesi yenyewe.

#22 MhasibuNjiro
Muhuri nauunga mkono kwa mikono miwili. Ankara yenye muhuri wetu wa kupokelewa siwezi kusema haikufika. Naiingiza kwenye daftari siku hiyo, na mkaguzi akija ataiona. Ile ya WhatsApp inazama chini ya picha za watoto wa watu.

Na peleka mapema wiki. Malipo yanaandaliwa Jumatano Alhamisi, ukija Ijumaa mchana umekosa.

#23 DizainaWaSakina
Nimewasoma wote. Sizimi kwanza. Barua naandika, Jumatatu naipeleka ofisini kwao mjini, siyo Karatu. #8 Mama, jina la tovuti lake nimelisajili kwa jina la kampuni yake tangu mwanzo, kwa hiyo hofu yako hana.

Lakini #5 bado inanizunguka kichwani. Kama tunalipwa mwisho kwa sababu hakuna kinachosimama, basi hata barua hii ni ya mteja mmoja tu. Atakayekuja kesho nitakuwa palepale.

#24 MwongozaMianzini
Ungana na wenzako. Wapagazi wa Kilimanjaro walidharauliwa kuliko wewe. Tangu 2003 kuna KPAP pale Moshi, wanafuatilia kampuni zinalipaje wapagazi, na wageni wanauliza kama kampuni imo kabla ya kubuku. Mbunifu mmoja mmoja ana nguvu gani?

#25 KijanaNgarenaro
Kundi la wabunifu Arusha mimi nimo. Akitokea wa kusema "nusu mwanzo", watatu wanajitokeza kufanya bila kianzio, tena kwa bei ya chini. Tuungane na nani?

#26 KameraYaRau
Hilo nalo ni jibu la swali la #1, na halijasemwa mpaka sasa. Wateja wanatuchelewesha kwa sababu tunapanga foleni wenyewe mlangoni kwao. Angalia Mei, kabla ya maonyesho ya utalii ya Karibu-Kilifair. Kila kampuni inataka video na vipeperushi, ndiyo wiki pekee mwaka mzima ambapo wao wanatuhitaji kuliko tunavyowahitaji. Na hapo ndipo tunashusha bei.

#27 MamaUsaRiver
Mei ndiyo sina hela, mwanangu. Ukinidai nusu mwanzo Mei nitakwenda kwa huyo wa bila kianzio, siyo kwa ubaya. Nipe punguzo kidogo nikilipa yote mapema Machi, kabla ya mvua, uone kama sitalipa.

#28 KameraYaRau
Asilimia ngapi, mama?

#29 MamaUsaRiver
Tano inatosha. Njoo ofisini tuongee, ila uje na risiti.

#30 MgeniTengeru
Samahani wakuu, nimesoma uzi wote. Mimi naanza kazi ya kuhariri video, sina hata TIN. Hiyo risiti ya EFD mtu kama mimi anaipataje? Mashine si ghali?

#31 MhasibuNjiro
TIN ni bure, unaomba mtandaoni kwa namba yako ya NIDA. Siyo lazima ununue mashine, siku hizi kuna VFD, risiti inatoka kwenye simu au kompyuta. Nenda ofisi ya TRA waangalie mapato yako wakuambie unaangukia wapi. Fanya hivyo kabla hujampelekea mtu ankara ya kwanza.